Weupe Aliouona Kiponda

Mwezi wa Januari mwaka 1988, Zubeir bin Saad wa Mambrui alipokea kifurushi kutoka Maskati. Kilitumwa na mpwa wake Abdillahi, aliyekuwa kibarua bandarini huko, na ndani yake mlikuwa na kurunzi ambayo Zubeir hakupata kuona mfano wake. Ilikuwa ya rangi ya manjano, kubwa kama kichwa cha mtu, yenye mpini juu kama wa birika na kioo kipana kama sahani ya halua. Haikuwa na waya unaoning'inia, wala haikutiwa betri za dukani. Betri yake ilikuwa imefungiwa tumboni, nzito kama jiwe la kinu, na ilihitaji kuchomekwa kwenye umeme ili ipate nguvu. Abdillahi alikuwa ameandika barua fupi: "Mjomba, hii ni ya kazi yenu ya visima. Sasa muache kuhangaika na kioo."

Kazi yenyewe Zubeir aliifanya na mwenzake Kiponda wa Nzai, Mgiriama wa upande wa Marafa, kwa muda wa miaka kumi na minane. Kila kaskazi, maji yanapopungua, wenye nyumba za Mambrui na Malindi waliwaita kusafisha visima. Kiponda ndiye aliyeshuka. Zubeir alikuwa na ugonjwa wa kifua, na hewa nzito ya kisimani ilimbana hata akashindwa kusema, kwa hiyo yeye alikaa juu. Alivuta ndoo za tope, akashika kamba ya mwenzake, na akaegemeza kioo cha kujitazamia kwenye jiwe ili kidake jua na kulipeleka chini. Mwanga wa kioo ulikuwa hafifu na wenye kutembea. Jua likihama, kioo nacho kilisogezwa kwa mguu. Lakini mikono yote miwili ya Zubeir ilikuwa kwenye kamba. Na kazi ilipokwisha, wakinywa chai, Kiponda alimsimulia mambo ya kule chini asikoweza kufika.

Nyumbani kwa Zubeir hapakuwa na umeme, basi aliichukua kurunzi mpaka Malindi kwa Gerishom, fundi wa redio. Gerishom alitoka Kaloleni, amesoma shule ya misheni, na Kizungu cha maandishi madogo hakikumshinda. Aliifungua karatasi ya maelezo, akaisoma yote kimya, mbele na nyuma, kabla hajasema neno.

"Bwana Zubeir, kitu hiki kina masharti mengi. Kaa kitako nikueleze."

Zubeir akakaa. Gerishom alimwambia kuwa betri hiyo haipendi kuachwa na njaa. Ukishaitumia, hata kwa muda mchache, irudishe kwenye umeme siku ileile au kesho yake. Ukiiweka tupu mwezi mzima, itakufa na haitafufuka. Wala usiivimbishe kwa kuisahau kwenye plagi siku mbili. Usiiwashe wakati inapokula moto. Tumboni mna asidi, usije ukaifungua kwa bisibisi kwa kutaka kuona. Globu ikiungua, mpya ishikwe kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya kidole yakibaki juu yake itapasuka ikipata joto. Kioo cha mbele kinachoma kama pasi: usiilaze kifudifudi juu ya gunia wala mkeka ikiwa imewaka. Na kwa kuwa wao ni watu wa pwani, hewa yao ina chumvi, basi aifute kwa kitambaa kikavu na apake mafuta kidogo penye vyuma vya kuchajia.

"Halafu hili," Gerishom akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Usimmulike mtu machoni. Wameliandika kwa herufi kubwa."

"Nani atamulika mtu machoni?" Zubeir akacheka. "Mimi namulika visima."

Aliyashika masharti yote. Akamwomba Kaltuma, mkewe, amshonee mfuko wa kitambaa kizito, na kila jioni ya siku ya kazi aliifuta kurunzi hata kama haikuingia vumbi. Kila ilipotumika aliipandisha basi mpaka Malindi, akaiacha kwa Gerishom ilale kwenye umeme, akairudia asubuhi. Kaltuma alimtania kuwa hata Nana, binti yao wa pekee, hakufutwa uso mara nyingi hivyo alipokuwa mchanga.

Kiponda alipoiona mara ya kwanza aliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Zubeir akaiwasha na kuielekeza ndani ya kisima cha jirani. Mawe ya chini kabisa, ambayo kwa miaka yote Kiponda aliyajua kwa kupapasa, yakaonekana moja moja. Kiponda alipiga ulimi kwa mshangao. Hata hivyo alichukua koroboi yake kuukuu, akaiwasha, akaifunga uzi na kuiteremsha polepole kama desturi yao.

"Tuna taa kama jua na bado unashusha koroboi?" Zubeir aliuliza.

"Hii yako haivuti pumzi," Kiponda alijibu. "Koroboi ikizimika najua chini hakuna hewa. Hiyo itawaka tu, hata mimi nikiwa nimekufa."

Wakasafisha visima vinne hivyo, na kazi ilikwenda kwa nusu ya muda wa zamani. Sifa zikaenea. Watu walikuja kutazama taa zaidi ya kutazama kisima, na Zubeir, mtu wa miaka hamsini na miwili asiyekuwa na makuu, alijikuta akiinyanyua juu kidogo kuliko ilivyolazimu.

Cha tano kilikuwa kisima cha Bi Shekha, mjane aliyeishi kwenye nyumba ya mawe ya wazee wake. Kisima chake kilikuwa ndani ya ukumbi wa nyuma, chini ya paa, chenye kina cha pima saba. Jua halikukifikia hata adhuhuri, na kwa sababu hiyo kilikuwa hakijasafishwa vizuri kwa miaka mingi. Bi Shekha alikuwa amesikia habari za kurunzi.

"Nimewaiteni kwa ajili ya hiyo taa," aliwaambia asubuhi ile, akiwawekea kahawa. "Bila ya hiyo nisingewasumbua."

Koroboi ilishuka, ikawaka vizuri, ikapandishwa. Kiponda akafunga kamba kifuani, akashuka kwa vidato vilivyochongwa kwenye mawe. Asubuhi nzima alijaza ndoo, na Zubeir alivuta. Kurunzi aliiwasha kwa vipindi, ili betri isiishe, akiielekeza ukutani upande wa pili wa Kiponda ili mwanga upige jiwe na kurudi ukiwa mpole. Karibu na adhuhuri kazi ikaisha, na Kiponda akaanza kupanda.

Hapo palikuwa na jambo ambalo Zubeir alikuwa amelizoea tangu visima vile vinne bila ya kulifikiri. Kioo kiliegemea jiwe chenyewe. Kurunzi ilibidi ishikwe. Ilikuwa katika mkono wake wa kulia, na kamba katika mkono wa kushoto, imezungushwa mara moja tu kwenye nguzo. Kiponda alipopanda hatua, Zubeir alitakiwa avute ulegevu wa kamba. Kwa mkono mmoja alivuta nusu, na nusu ikabaki inaning'inia.

Kiponda alikuwa amepanda pima mbili na nusu hivi aliposimama akasema kitu. Sauti ikagongana na kuta, Zubeir asiielewe.

"Unasemaje?"

Kiponda akasema tena, kwa furaha, kama mtu aliyepata kitu. Baadaye ilijulikana kuwa alikuwa ameokota kwenye tundu la ukuta kopo la shaba la marehemu mumewe Bi Shekha. Zubeir alitaka kuona. Akainama ukingoni na kuigeuza kurunzi, na wakati huohuo Kiponda akainua uso.

Zubeir aliuona uso huo waziwazi, kila unywele wa ndevu. Aliona macho yakifumbwa kwa nguvu, kinywa kikiachama, na mkono mmoja ukiacha jiwe na kupanda kujikinga. Kisha mguu ukakosa kidato. Kamba ilikimbia kwenye kiganja chake cha kushoto ikamchoma kama kaa la moto. Aliibana, haikubanika. Pale, kwa muda usiozidi wa kupiga kope, alijua kuwa angeiachia taa na kuishika kamba kwa mikono yote miwili, pengine angeweza kumzuia. Hakuiachia. Mkono wa kulia uliendelea kuishika taa.

Kishindo cha maji na tope kikasikika, kisha mlio wa Kiponda.

Majirani walikuja mbio. Walimtoa kwa kiti kilichofungwa kamba pembe nne, wanaume sita wakivuta, naye akiuma kitambaa. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika. Alipelekwa hospitalini Malindi, akafungwa plasta kutoka pajani hadi vidole, na baada ya siku nne nduguye Garama akaja kumchukua kwenda kwao.

Siku ile ya ajali, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bi Shekha alisema kuta zimeota ukoga kwa kukosa jua. Jirani mmoja alisema kisima kilichoachwa miaka mingi hakikosi mwenyewe wa chini, jini anayekilinda. Walimtazama Zubeir, naye akasema, "Aliteleza." Lilikuwa neno moja tu na halikuwa uongo. Kiponda alikuwa ameteleza kweli.

Akarudi nyumbani, na kabla ya kula akaifuta kurunzi. Kaltuma alikiona kiganja chake kilichochubuka.

"Kamba?"

"Kamba."

Akampaka asali, hakuuliza zaidi. Kesho yake Zubeir hakwenda Malindi kuitia taa moto, wala siku iliyofuata. Aliitundika kwenye msumari ndani ya mfuko wake, akaiacha na njaa. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia, akapanda basi akaipeleka. Gerishom alipomuuliza habari za kazi alimjibu kuwa wamepumzika.

Wiki tatu zikapita. Alituma salamu na mchele kwa Kiponda kupitia watu wa basi, lakini mwenyewe hakwenda. Kila Ijumaa alisema atakwenda Jumapili. Usingizini aliota uso ule wenye kumeremeta, na hata katika ndoto hakuwa akitazama kamba. Alikuwa akitazama taa isianguke.

Kisha siku moja ya Jumatano Kabibi, mke wa Kiponda, akabisha hodi. Alikuwa amekuja Mambrui kuuza korosho, na uso wake ulikuwa umechoka. Kaltuma alimkaribisha jamvini, akamtilia chai. Zubeir alikaa karibu na mlango.

"Mgonjwa anaendeleaje, shemeji?"

"Mguu unapona," Kabibi alisema. "Moyo ndio haujapona. Anasema pale kisimani hakuteleza."

Zubeir akakikunja kiganja chake chenye kovu, na Kabibi akaendelea.

"Anasema aliona weupe. Ghafla dunia nzima ikawa nyeupe, hakuna jiwe, hakuna mkono wake mwenyewe, kisha giza. Anasema macho yake yalikufa akiwa hai. Sasa hataki hata kutazama moto wa jikoni. Na huko nyumbani wameshika neno hilo. Garama anasema weupe wa namna hiyo mtu hutupiwa. Wanamtaja baba yao mdogo, Mzee Dena, kwa sababu msimu uliopita waligombana naye juu ya mpaka wa mikorosho." Aliweka kikombe chini. "Mzee amekimbilia kwa binti yake. Vijana walimpigia kelele njiani, wakarusha mawe juu ya nyumba yake. Jumamosi anakuja mganga wa kumtoa hadharani. Mimi naogopa, shemeji. Watu wakishakusanyika, mzee kama yule hana mbio."

Kabibi aliondoka. Kaltuma alikusanya vikombe, akasimama navyo mkononi, akautazama mfuko uliotundikwa kwenye msumari.

"Baba Nana," alisema taratibu, "ni weupe gani huo?"

Zubeir alimweleza yote, akiutazama mkeka. Kaltuma alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu, na Zubeir angependa alaumiwe.

"Kesho hakuna basi la mapema," alisema Kaltuma. "Ijumaa lipo. Ichukue nayo."

Ijumaa asubuhi alishuka barabarani upande wa Marafa, kurunzi ikiwa kikapuni, akatembea kwa miguu saa nzima kati ya mihogo na mikorosho. Kifua kilimbana mara mbili akaketi njiani. Alimkuta Kiponda kwenye kitanda cha kamba chini ya upenu wa nyumba, mguu mweupe wa plasta umenyooshwa juu ya kigoda. Alikuwa amekonda. Aliketi ameligeuzia jua kisogo.

"Bwana Zubeir! Kumbe hujanisahau."

"Sijakusahau hata siku moja. Hilo ndilo lililonichelewesha."

Wakaulizana hali. Kabibi alileta maji. Garama, ndugu mkubwa, mtu mpana mwenye sauti nzito, alikuja kumwamkia mgeni na kuketi kwenye gogo. Zubeir alikuwa amepanga maneno njiani, lakini alipofungua kinywa yalimtoka bila ya mpango.

"Weupe uliouona ulikuwa taa yangu. Uliponiita nikataka kuona umepata nini. Nikaigeuza, ikakupiga usoni. Hakuna mtu aliyekutupia kitu. Ni mimi."

Kiponda alijinyanyua kwa viwiko.

"Taa," alisema.

"Taa. Nilikuwa nimeambiwa. Gerishom alinisomea kwenye karatasi, nisimmulike mtu machoni, nikamcheka."

"Mimi nimekaa hapa wiki tatu," Kiponda alisema, sauti yake ikiwa chini, "kila asubuhi nafumbua jicho moja kwanza, nione kama bado linaona. Babu yangu alikufa kipofu. Nilijua zamu yangu imefika. Nimeshamwambia Kabibi atafute wa kulima."

"Nisamehe."

"Ngoja." Kiponda aliinua mkono. Alikuwa anafikiri, na Zubeir aliliona wazo likija kabla halijafika, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi moja miaka kumi na minane. "Na kamba? Kifuani nilikuwa na kamba. Hata ningekuwa kipofu, kamba ingenishika. Kamba ilikuwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na wa kulia?"

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Garama aliacha kuchokonoa ardhi kwa kijiti chake.

"Wa kulia ulishika taa," Zubeir alisema. "Ulipoteleza sikuiachia. Ningeiachia pengine ningekudaka. Sikuiachia, Kiponda."

Kiponda aligeuza uso ukutani. Aliposema tena, alisema kwa Kigiriama, maneno machache ya haraka kwa nduguye, na Zubeir aliyeelewa lugha hiyo nusu alishika neno moja tu: atoke. Lakini Garama hakumtoa. Garama alikuwa akikitazama kikapu.

"Ni hiyo?" aliuliza. "Taa gani ya kumfanya mtu mzima aone weupe? Sisi tuna tochi. Mimi siamini. Unamkinga mzee Dena, labda amekutuma."

"Twende ndani nikuonyeshe."

Waliingia kwenye chumba cha kuhifadhia mahindi, kisichokuwa na dirisha, Garama na wajomba wawili waliokuwa wamekuja kwa ajili ya Jumamosi. Kabibi alisimama mlangoni. Zubeir aliiwasha kurunzi akaielekeza ukutani, na ukuta wa udongo ukang'aa hata nyufa zake zikawa kama mito. Mjomba mmoja alirudi nyuma.

"Nimulike mimi," Garama alisema.

"Hapana. Simmuliki tena mtu yeyote." Zubeir akampa kurunzi, akamwekea kidole kwenye swichi, kisha akaenda kusimama ukutani, mbali kadiri chumba kilivyoruhusu. "Nimulike mimi. Mara moja, uzime."

Alikusudia kutazama bila ya kufumba. Haikuwezekana. Kitu kilimgonga usoni bila ya kumgusa. Chumba, watu, miguu yake mwenyewe, vyote vilifutika, na mikono yake ikaruka juu bila ya idhini yake. Alirudi nyuma akajikwaa kwenye mtungi, akaangukia magunia ya mahindi. Garama alishazima, lakini Zubeir hakuona kitu ila duara la kijani likielea, na nyuma yake giza. Alipapasa kutafuta ukuta. Hapo, akiwa amekaa chini kama mtoto, alielewa kwa mwili wake kile ambacho wiki tatu alikuwa akikijua kwa kichwa tu. Naye alikuwa juu ya udongo mkavu, hakuwa na pima mbili na nusu chini yake.

Aliposaidiwa kutoka nje alimsikia Garama akimweleza Kiponda, na sauti yake nzito ilikuwa imepungua. Wajomba walishauriana. Mmoja alitumwa kwenda kumzuia mganga asije, na Garama mwenyewe akaenda kwa miguu kumfuata Mzee Dena kwa binti yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Walirudi alasiri. Mzee Dena alikuwa mfupi, mkavu, amevaa shuka na kofia ya ukindu, na alikataa kuketi. Garama akamweleza mbele ya watu, akamwomba radhi. Mzee alitaka kuonyeshwa taa. Zubeir akaitoa kikapuni ikiwa imezimwa, akamwamkia shikamoo, akamweleza jinsi ilivyokuwa. Mzee aliishika kwa mikono miwili, akaupima uzito wake, akairudisha.

"Lini ulijua?" aliuliza.

"Siku ileile, mzee."

"Siku ileile." Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nimelala wiki mbili nyuma ya mlango wa mwanangu, nimeshika panga, nikisikiliza hatua za wajukuu zangu. Wewe ulikuwa wapi?"

Zubeir alikuwa Mambrui. Alikuwa akiifuta taa. Mzee akamwacha, akaenda kutazama paa la nyumba yake lililotobolewa na mawe.

Zubeir na Garama walipanda juu ya paa hilo wakaliziba kwa makuti kabla jua halijatua. Zubeir alikohoa kwa vumbi mpaka machozi yakamtoka, lakini hakushuka. Usiku alilala kwa Garama. Asubuhi alipokwenda kuaga, Kiponda alimpa mkono, mkono mlegevu, akasema tu, "Safiri salama."

Mwaka ule hawakufanya kazi tena. Zubeir alikataa visima vyote alivyoitiwa, hata pale waliposema watamtafutia mtu mwingine wa kushuka. Alikwenda upande wa Marafa mara nne. Mara mbili za kwanza Kiponda alizungumza naye kuhusu mvua. Mara ya tatu alimwambia kuwa plasta imeondolewa na mguu umekuwa mfupi kidogo, akatembea hatua chache kumwonyesha. Mara ya nne, Desemba, alimuuliza kama ile taa bado inawaka.

"Inawaka. Naipeleka kwenye umeme kila mwezi."

"Ukija nayo, uje na kitu cha kuifungia. Sitaki uishike."

Gerishom ndiye aliyetengeneza hicho kitu: kipande cha chuma cha kukalia juu ya mti wa kukingama kisimani, chenye skrubu mbili za kuibana kurunzi, na kipande cha bati kilichokunjwa mbele yake ili mwanga uende ukutani tu. Alikipiga msasa kila pembe, akakataa kushukuriwa. Alisema alipaswa kulisema lile sharti la macho mwanzo badala ya mwisho.

Februari waliitwa Gongoni, kwenye kisima kimoja karibu na mashamba ya chumvi. Kiponda alifika akichechemea, na yeye mwenyewe aliifunga kurunzi kwenye mti wake, akakaza skrubu, akalala kifudifudi ukingoni kuangalia mwanga unaangukia wapi. Alibadilisha mara tatu. Koroboi ikashushwa, ikapandishwa ikiwa inawaka. Kisha akajifunga kamba kifuani, akampa Zubeir mwisho wake, akamtazama anavyoizungusha kwenye nguzo: mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Akaivuta kwa nguvu, ghafla, bila ya kumwonya. Zubeir hakusogea.

"Basi," alisema Kiponda, akashuka.

Kazi ilichukua siku nzima kwa sababu ya mguu. Hawakusemezana ila maneno ya kazi: vuta, ngoja, teremsha. Kiponda alipopanda, Zubeir hakuinama ukingoni. Alisimama nyuma, mikono miwili kwenye kamba, akivuta ulegevu hatua kwa hatua, akimhesabia pumzi, mpaka kichwa chenye tope kilipotokeza, kisha mabega.

Mwenye kisima aliwaletea chai na mihogo ya kuchemsha. Waliketi kwenye kivuli cha ukuta. Zubeir aliizima kurunzi, akaiacha pale ipoe kabla ya kuitia mfukoni. Kiponda alikunywa kikombe kizima. Akajimiminia cha pili, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kama zamani.

"Kule chini, upande wa bahari, mzizi umetoboa jiwe. Mweupe, mwembamba, umejaa ukuta wote kama mvi za bibi kizee. Sijui ni wa mti gani. Hapa juu sioni mti wa karibu. Nikaushika, ukawa baridi, tena una maji ndani yake, unadunda…"

Zubeir aliweka kikombe chake chini ili asikie vizuri.